Vyuma vimekaza: jinsi ya kubana hela ya jiko hapa Dar bila watoto kulala njaa

Jamani kila mtu anajua hali ilivyo, hela ya kuacha mezani ni ileile lakini inachonunua kila mwezi kinapungua, na ushauri unaotolewa sana ni "punguza kula", mi huo siupendi kabisa kwa sababu mtoto hawezi kupunguziwa chakula na mtu anayefanya kazi ya jua kutwa nzima hawezi kulala na uji. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba hela nyingi ya jiko Dar haiendi kwenye chakula chenyewe, inaenda kwenye vitu viwili, moto na kununua kwa kupima. Mkaa wa kopo, mafuta ya kijiko, unga wa nusu, sukari ya robo, nyanya za fungu. Anayenunua gunia analipa kidogo kwa kilo, anayenunua kopo analipa kikubwa kwa kilo ileile, yaani asiye na hela ndo anauziwa ghali. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kutoka kwenye kupima, kitu kimoja kimoja, na kuufanya moto mmoja ufanye kazi nyingi.

Kabla ya yote chukua daftari la mtoto lililoisha, wiki moja tu andika kila hela inayotoka kwa ajili ya kula, na usiandike mboga peke yake, andika na mkaa, na gesi, na LUKU (umeme wa kulipia kabla), na kiberiti, na maji kama unanunua ya ndoo. Wengi wanahesabu bei ya maharage wanasahau kwamba maharage yenyewe yamekula makopo mawili ya mkaa mpaka kuiva. Ukijua chakula na moto wake kwa pamoja vinagharimu nini, utaona mwenyewe pa kuanzia, na si lazima iwe sawa na kwa jirani.

Sasa moto.

Nianze na maharage maana ndo yanayokula moto kuliko kitu chochote kwenye nyumba ya kawaida. Yachague, yaoshe, yaroweke usiku kucha kwenye maji mengi, asubuhi mwaga yale maji weka mapya. Hilo peke yake linapunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa, na tumbo halijai gesi. Wengine wanatia magadi, yanalainisha kweli ila yanaharibu baadhi ya vitamini na ladha inabadilika, mi naona kuroweka kunatosha. Na ukipika usipike ya siku moja, pika kilo nzima au zaidi, kwa chumvi tu, meupe, afu gawa. HAPO PA KUGAWA NDO MUHIMU: gawa kabla hujatia nazi wala nyanya wala kitunguu, maana joto la hapa kwetu maharage yenye nazi yakilala yanachacha, lakini meupe kama una friji unayafunga kwenye vimfuko unagandisha, kila siku unatoa fungu unaliunga kivyake, leo nazi, kesho nyanya na karoti, keshokutwa unachanganya na mahindi inakuwa makande. Asiye na friji apike ya siku mbili tu na ahakikishe yanachemka kabisa, sio kupata uvuguvugu, asubuhi na jioni, na sufuria isichotwe na mwiko mchafu.

Kuna kitu watu wanakidharau lakini kinasaidia sana, kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi gumu, tandika chini na pembeni blanketi kuukuu au matambara mengi au mto wa zamani, yaani sufuria ikikaa katikati izungukwe na vitu laini pande zote na juu pia. Maharage yaliyoroweka unayachemsha kwa nguvu dakika 20 mpaka 30, yachemke kweli, hasa yale mekundu kwa sababu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kwa nguvu na haifi kwa joto dogo, afu ukiwa na mfuniko juu unaitumbukiza sufuria kwenye kikapu, unafunga vizuri, unaenda kwenye shughuli zako. Baada ya masaa matatu manne unarudi unakuta yameiva au yamebakiza kidogo, unayachemsha tena dakika kumi unaunga. Wali pia unakubali, ukishachemka na maji yakakaribia kukauka unauweka humo unajimalizia wenyewe na hauungui chini. Sufuria iwe imejaa jaa, ikiwa na chakula kidogo joto linapotea haraka.

Mfuniko. Najua inaonekana jambo dogo sana kulisema lakini pita mtaani jioni uangalie majiko mangapi yana sufuria wazi. Sufuria iliyofunikwa inachemka mapema na haihitaji moto mkubwa. Na ikishachemka punguza moto, maji yakichemka yamefika nyuzi 100 hata ukiwasha moto wa harusi hayapandi zaidi ya hapo, unachoongeza ni mvuke tu unaotoka dirishani na hela yako.

Kwa wanaotumia mkaa, panga foleni. Jiko likikolea kuna moto mkali, halafu moto wa katikati, halafu makaa ya mwisho, na kila moto una kazi yake. Moto mkali chemsha kilicho kigumu, maharage au kongoro au makande. Ukipungua kidogo songa ugali, unga mboga. Makaa ya mwisho weka sufuria ya maji ya kuoga au ya chai ujaze chupa ya chai, choma mahindi, choma viazi vitamu kwenye jivu kwa ajili ya asubuhi. Kuwasha jiko asubuhi kwa chai, kulizima, kuwasha mchana, kuwasha jioni, kila ukiwasha unatumia mkaa wa kukolezea tu ambao haujapika kitu. Mkaa uliobaki usimwagie maji na usiuache uishe wenyewe, uweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, ukikosa hewa unazima na kesho unautumia. Kopo hilo likae nje.

Na ukinunua mkaa uangalie. Mkaa wa mti mgumu ni mzito, ukigonganisha vipande unalia kama chuma, ule mwepesi wenye vumbi jingi unawaka haraka ukaisha haraka. Kopo lenye mapande makubwa lina mapengo katikati kwa hiyo unanunua hewa, omba akuchanganyie na ya saizi ndogo. Chenga zinazobaki chini ya gunia zisitupwe, changanya na uji mzito wa unga wa muhogo au udongo wa mfinyanzi kidogo, finyanga matonge, anika mpaka yakauke kabisa, yanawaka taratibu yanafaa kwa vitu vya kuiva polepole. Na kwa wale wa nazi kila siku, vifuu ni kuni, vinakoleza jiko vizuri sana.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mvua zikinyesha au usiku wa kipupwe mwezi wa sita wa saba, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango na dirisha, hata kama makaa yamebaki kidogo, hata kama ni "kwa ajili ya mtoto asipate baridi". Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na isiyoonekana, watu wanalala hawaamki. Joto la kuongeza ndani Dar hatulihitaji, ongeza shuka. Maji ya kuoga ya mtoto weka ndoo au beseni jeusi juani toka saa nne, saa kumi yana uvuguvugu bila kulipa senti.

Gesi. Mtungi wa kilo 6 ndo wengi tunao, na ukiujua unakaa. Kwanza siku ya kubadilisha andika tarehe kwa peni kwenye plasta ubandike kwenye mtungi, ukiisha mapema kuliko kawaida utajua kuna tatizo, sio kubahatisha. Pili pima. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, kwa hiyo uzito huo ukijumlisha 6 ndo inatakiwa isomeke kwenye mizani, una haki ya kumwambia muuzaji aupime mbele yako, asiye na mizani nenda kwa mwingine. Tatu moto wake uwe wa bluu, ukiona una rangi ya njano na sufuria inaota masizi, bana, yaani pale moto unapotokea, imeziba, isafishe kwa brashi, hiyo ni gesi inapotea. Nne paka povu la sabuni kwenye maungio kila ukibadilisha, likitoa mapovu inavuja, usiwashe kiberiti kutafuta inakovuja jamani. Na gesi itumie kwa vitu vya haraka, chai, mayai, mchicha, kupasha. Ukiiwekea maharage makavu hayajaroweka utalia.

Umeme ndo watu wanauogopa kuliko unavyostahili, na ndo hapa nataka nikae kidogo.

Kwa bei zilizopo mtu wa kawaida akinunua LUKU ya elfu moja anapata kama uniti 2.8, yaani uniti moja ni shilingi mia tatu hamsini na kitu. Uniti moja ni kifaa cha wati 1000 kikiwaka saa zima. Ukijua hilo unaweza kuhesabu kila kitu ndani. Taa ya LED ya wati 9 inawaka zaidi ya masaa mia moja kwa uniti moja, kwa hiyo kugombana na watoto kuhusu taa wakati kuna hita ya kuchemshia maji ya kuoga ya watu watano kila asubuhi ni kugombania kidogo. Feni ya wati 50 inapiga masaa ishirini. Pasi, hita, birika la umeme na jiko la koili ndo walaji. Piga pasi nguo zote mara moja kwa wiki. Friji angalia mpira wa mlango, weka karatasi ufunge mlango, ikichomoka kirahisi baridi inatoka hapo.

Sasa presha kuka ya umeme. Hii sio sawa na jiko la koili. Koili ukipikia maharage masaa mawili matatu unakula uniti mbili tatu. Presha kuka imezibwa, ikifika joto lake inajikata yenyewe, inawaka tena kidogo tu ikihitaji, sufuria nzima ya maharage haifiki uniti moja. Linganisha na mkaa wa kuivisha maharage hayohayo mtaani kwako, fanya hesabu mwenyewe. Shida ni bei ya kuinunua, hilo nakubali, sio hela ya kutoa mfukoni siku moja, lakini kwa nyumba inayopika maharage, kongoro au makande mara nyingi kwa wiki, mi naona ndo kitu cha kwanza cha kuchangia kwenye kikoba au kununua kwa upatu, kabla ya TV kubwa, kabla ya sofa. Serikali nayo imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo ikitokea mtaani kwenu ugawaji wa majiko au mitungi kwa bei ya punguzo, ulizia serikali ya mtaa mapema.

Halafu kuna tarifu ya D1, ile ya watumiaji wadogo. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi kila moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na makato, ukijumlisha vyote kama 9,150 unapata uniti zote 75. Ni uniti mbili na nusu kwa siku, zinatosha taa, feni, TV, simu na friji dogo ukiwa makini. Zinazozidi 75 bei inaruka zaidi ya mara tatu. Kama nyumba yako matumizi ni madogo na bado unalipia bei kubwa nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako ukaulize kama unaweza kuwekwa huko. Tatizo letu uswahilini ni nyumba moja, familia tano, LUKU moja, hiyo nyumba D1 haiwezi kukaa hata siku moja, na ugomvi hauishi, huyu ana friji yule ana taa tu, wote wanachanga elfu tano tano. Dawa ni sabmita, mita ndogo za kila chumba, mnachanga mnaita fundi anayejua, kila mtu anaona alichotumia. Nyumba zilizofanya hivo ugomvi umeisha na matumizi yameshuka, kwa sababu mtu akilipia chake anazima mwenyewe. Na lile kato la kodi ya jengo kila mwezi kwenye LUKU, hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, ongeeni nae alipunguze kwenye pango, kwa ustaarabu tu.

Haya, chakula.

Unga ndo wa kwanza kutoa kwenye kupima kwa sababu unaliwa kila siku na hauozi haraka. Ukinunua mahindi sokoni, Tandale au Manzese, ukasagisha dona mashineni, unakula mahindi yote uliyolipia, ukikoboa sehemu kubwa inabaki kwenye pumba. Dona linashibisha zaidi na lina virutubisho zaidi, watoto wakilikataa changanya nusu kwa nusu na sembe mwanzoni. Lakini mahindi yawe makavu na masafi, punje yenye ukungu au iliyobadilika rangi toa, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, sio mchezo, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara na haitoki kwa kupika. Dona lina mafuta ya kiini kwa hiyo haliwekwi muda mrefu, saga la wiki mbili tatu. Mahindi na maharage bei inakuwa nafuu baada ya mavuno kuanzia mwezi wa sita kwenda wa nane, hapo ndo pa kujaza ndoo zenye mfuniko.

Mboga ya protini usiifikirie nyama tu. Dagaa kavu wa Mwanza au Kigoma kwa kilo wanakwenda siku nyingi, wakaange bila mafuta kwanza wakauke, waweke kwenye chombo kikavu. Choroko zinaiva haraka kuliko maharage kwa hiyo zinaokoa na moto, kunde pia. Utumbo, mapupu, miguu na vichwa vya kuku, vinatengeneza mchuzi wa maana kwa hela ndogo. Mayai nunua trei, mnaweza kugawana na jirani. Samaki nenda soko la Feri asubuhi, ila mnadani wanauza kwa ndoo na mafungu makubwa, peke yako haikulipi, nendeni watatu wanne mgawane vibua au dagaa mchele.

Na hapo kuna hesabu watu wanaisahau, nauli. Ukitoka Mbagala kwenda Kariakoo kufuata kilo mbili za mchele ulioshuka bei shilingi mia, umepata hasara. Soko la jumla linalipa ukienda mara moja kwa mwezi na orodha, au mmoja anaenda kwa niaba ya wengi. Kila mtu na soko la upande wake, Temeke kuna Stereo na Tandika kwa viazi, vitunguu na nyanya, Mabibo ndizi na matunda, Ilala mboga na nyanya. Jioni bei zinashuka, nyanya masalo laini kidogo ambazo hazitalala zinauzwa bei ya kutupa, zichukue, kata palipooza, chemsha zikauke maji, weka kwenye chupa safi ndani ya friza, au zikaushe zaidi na chumvi na mafuta kidogo, utazitumia masika nyanya zikipanda.

Mafuta ya kijiko kwa Mangi ndo ghali kuliko yote nadhani, lita tano ukiweza kuzifikia unapumua mwezi mzima, lakini dumu kubwa linashawishi kumwaga, kwa hiyo jaza kwenye chupa ndogo, toboa mfuniko tundu dogo, unga kwa kijiko sio kwa macho. Chai ya asubuhi, maandazi ya kununua kwa watu watano kila siku ni hela nyingi sana ukiijumlisha mwezi, viazi vitamu, magimbi au mihogo ya Mkuranga na Kisarawe inashibisha zaidi, na kama ulivichoma jana kwenye makaa ya mwisho hata moto hujawasha.

Kununua kwa pamoja iwe na utaratibu. Watu wasizidi watano sita, wanaoaminiana, kitu kimoja kwanza, labda mchele gunia moja. Kila mtu anatoa hela kabla, hakuna wa "nitakupa Ijumaa". Risiti ionekane, nauli na hela ya mkokoteni igawanywe, kupima kufanyike kwa mizani wote wakiwepo. Tofauti unayoiokoa kwenye mchele usiile, iweke kibubu, mwezi unaofuata ndo inaongezea kutoka kwenye kupima mafuta, halafu mkaa au mtungi. Kama una deni dukani kwa Mangi lilipe kidogo kidogo kwanza, kwa sababu anayekopa hachagui bei wala hachagui duka.

Mwenye kauwanja hata ka hatua mbili, au kibaraza chenye jua, aweke matembele. Omba vikonyo kwa jirani, vichomeke kwenye kiroba cha unga chenye udongo na samadi, mwagia maji uliyooshea mchele na mboga, baada ya kama mwezi unaanza kuchuma na yanaota tena. Viroba vitatu vinne ukichuma kwa zamu, hela ya mboga ya majani inabaki mfukoni siku kadhaa kila wiki.